Kikombe Kimoja Kila Jumamosi

Kisa hiki nimetumiwa na mama mmoja wa kikundi chetu, naye alitumiwa na mwingine, na kilikoanzia sikujui. Nilipokimaliza nilikirudia tangu mwanzo, maana nilijiona mwenyewe ndani yake. Kama una mkwe, au wewe ni mkwe wa mtu, acha kwanza unachofanya ukisome mpaka mwisho.

Huko Lushoto, mlimani kwenye ukungu, aliishi mwalimu mstaafu aitwaye Damari Shekivuli. Alifundisha miaka thelathini na minne, ishirini ya mwisho akiwa mwalimu mkuu, na hata baada ya kustaafu watu wazima walikuwa wakimwona anakuja wanachomekea mashati. Alikuwa mtu wa karatasi. Jikoni kwake palibandikwa ratiba ya zamu za kuosha vyombo, ilhali alikuwa anaishi peke yake.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba ile kilikuwa okidi. Marehemu mumewe aliikuta siku moja imeng'ang'ania tawi la mti ulioangushwa na upepo, akaileta nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga. Okidi, kwa asiyeijua, haitaki kuzikwa udongoni kama mchicha. Ina mizizi minene inayoning'inia na kuvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo Mwalimu Damari aliipanda kwenye chungu chenye matundu, akaijazia magome ya mti yaliyokatwakatwa, akaiweka dirishani. Ikamkubali. Kila mwaka ilitoa maua meupe yenye mkia mrefu, na jioni sebule nzima ilinukia.

Mzee alipofariki, okidi ile ndiyo iliyobaki kuwa mwenzake wa mazungumzo. Aliiamkia asubuhi na kuisimulia habari za kanisani, na jirani aliyeachiwa kuimwagilia akikosea alipata taabu na mwalimu huyo.

Sasa, miaka ikaenda, magoti nayo yakaanza kumsumbua. Daktari akamwambia waziwazi kwamba ule mteremko wa kwake haumfai tena mtu wa umri wake kuupanda peke yake. Alikuwa na wana wawili. Yoeli alikuwa Dodoma na mkewe Nyemo, binti wa Kigogo, muuguzi, mpole wa kusema. Zakayo alikuwa Tanga na mkewe Rozina, mshonaji, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Wote wawili walimwambia, "Mama, njoo ukae kwetu. Uchague mwenyewe."

Kuchagua ndiko kulikomnyima raha. Nyumba atakayoingia ndiyo atakayozeekea, na mkono utakaompa uji ni wa mkwe, si wa mwana. Atamjuaje aliye na moyo?

Mwaka ule okidi ilikuwa imetoa machipukizi mawili shinani. Mwalimu akayatazama, akapata wazo, na kama ilivyo kawaida ya walimu, wazo lenyewe likawa mtihani. Aliyapanda kwenye vyungu viwili. Akaandika karatasi mbili kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akazibandika juu ya vyungu:

"Kikombe kimoja cha maji safi. Kila Jumamosi asubuhi. Usizidishe, usipunguze."

Moyoni akasema, atakayelitunza ua langu ndiye atakayenitunza mimi. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata wanawe.

Krismasi ilipofika na familia yote ikakutana mlimani, akawapa wakwe zake kila mmoja chungu chake mbele ya watu. Rozina alishukuru, akacheka, akakipachika chungu kwenye kikapu katikati ya plamu na viazi vya kupeleka Tanga. Nyemo alikipokea kwa mikono miwili. Akaisoma karatasi kwa makini, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, na kwetu Dodoma kulivyo kukavu, ni kikombe hikihiki kimoja?"

Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Umeona nimeandika Dodoma hapo, mkwe wangu?"

"Hapana, mama."

"Basi fuata karatasi."

Watu wakacheka. Nyemo naye alicheka kidogo, lakini aliinamisha uso. Alikuwa mgeni bado katika familia ile, na kwao mkwe hamrudishii mama neno.

Wakaondoka. Mwezi wa tatu Nyemo akapiga simu. Mwalimu alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani, akapokea kwa kunong'ona.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Ni habari ya ua. Majani yameanza kujikunja."

"Marahaba. Si nilikuelekeza? Fuata karatasi." Akakata.

Mwezi wa tano akapiga tena. "Mama, mizizi imekuwa myepesi, ukiishika inavunjika. Nilikuwa naomba kama ningeweza kuongeza hata nusu kikombe katikati ya wiki."

Mwalimu siku hiyo alikuwa ameamka na magoti yake vibaya. "Nyemo, ua hili nimekaa nalo miaka kumi na tisa. Leo wewe wa miezi mitano ndiye utakayenifundisha?"

"Hapana, mama. Naomba unisamehe, mama."

Hakuuliza tena. Rozina, yeye, hakupiga simu ya ua hata siku moja. Mwalimu akalitafsiri hilo kwa namna yake. Darasani, alijiambia, wenye maswali mengi ni wale wasiosoma maelekezo. Akawa tayari amempa Rozina maksi kabla ya kusahihisha.

Tangu Krismasi ile ukapita mwaka mmoja na miezi miwili. Mwalimu akafunga nyumba, akamwachia jirani okidi yake kubwa, akapanda basi bila kumwambia mtu shabaha ya safari. Akalala Morogoro kwa mwanafunzi wake wa zamani, akampigia Nyemo kwamba yuko njiani kumsalimu, na kesho yake, kabla ya adhuhuri, akawa yuko mlangoni kwa Nyemo.

Yoeli alikuwa safarini kikazi. Nyemo alimpokea begi, akamsalimu kwa kupiga goti, akamkalisha. Mama Chilewa na jirani mwingine waliposikia kwamba mama mkwe wa Nyemo kafika, wakaja kumwamkia. Sebule ilikuwa safi, isipokuwa khanga moja mbichi iliyotandazwa dirishani, inadondosha maji kwenye beseni. Mwalimu aliiona, akakunja midomo. Huyu naye, alijisemea, anaanika nguo sebuleni.

Akaletewa maji ya kunywa. Hakuyagusa.

"Ua langu liko wapi?"

Nyemo akaenda dirishani. Kisha akainyanyua pembe ya ile khanga, na nyuma yake kikaonekana chungu. Karatasi ilikuwapo, safi, imefunikwa kwa nailoni isilowe. Lakini okidi yenyewe ilikuwa imekwisha. Majani yalikuwa makavu ya kahawia, mizizi kama nyuzi za gunia.

Mwalimu Damari akanyanyuka kwa magoti yake yale mabovu, akaenda kuweka kidole kwenye yale magome. Yalikuwa yamelowa. Yalikuwa yamelowa maji ya asubuhi ileile.

Hasira ikampanda.

"Leo?" alisema. "Leo ndiyo umekumbuka kulimwagia? Kwa sababu mimi niko njiani nakuja?"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Ua umeliua, sawa, maua hufa. Lakini kumwaga maji juu ya mti mkavu ili kunidanganya mimi mtu mzima? Hiyo ni tabia gani? Na wewe ni muuguzi. Nawahurumia wagonjwa wako."

Mama Chilewa akatazama sakafu. Yule jirani mwingine akajifanya anatafuta ndara zake. Nyemo alisimama palepale, mikono ameifumbata mbele, machozi yanateremka bila sauti, na hakujibu hata neno moja. Mwalimu akalihesabu hata hilo kuwa ni kosa. Angekuwa na la kujitetea, aliwaza, si angelisema?

Chakula kilikuwa jikoni, kinanukia. Hakukila. Alichukua begi lake, Nyemo akamfuata mpaka kituo cha bajaji akimwomba walau apumzike, naye akapanda bila kugeuka nyuma. Ameshapata jibu lake, basi. Akalala tena Morogoro, Jumapili jioni akaingia Tanga.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai na mikate ya kumimina, alimwambia Rozina, "Haya, mkwe wangu. Nionyeshe ua langu."

Rozina akasita, mkono mdomoni. "Ua? Eh! Lile ua! Mama, njoo nyuma huku, lakini usinicheke."

Akampitisha uani, wakazunguka bafu la nje. Hapo palikuwa na mpera mzee. Na kwenye panda la mpera ule, imejikamatia gome kwa mizizi minene ya kijani, ilikuwapo okidi. Ilikuwa na maua mengi kuliko ile ya Lushoto ilivyowahi kutoa katika miaka yote kumi na tisa. Yalining'inia meupe, safu kwa safu, mikia imelegea hewani.

Mwalimu Damari alishika ukuta wa bafu. Alimkumbuka mumewe, machozi yakamlenga. Akamgeukia Rozina, akamkumbatia.

"Mwanangu. Wewe ndiye. Kumbe ulilipenda hivi! Kila Jumamosi, bila kukosa!"

Rozina akajitoa taratibu, uso umejaa mashaka. Alikuwa na kasoro zake, lakini uongo haukuwamo.

"Mama, nikwambie kweli? Utakasirika?"

"Niambie."

"Mimi sijawahi kulimwagia maji. Hata tone."

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri.

"Karatasi yenyewe sijui iko wapi. Tulipofika tu, kile chungu kilikuwa kinanibana pale kwenye cherehani. Siku moja nikakiangusha kikavunjika. Nikaona aibu kulitupa ua la mama, nikaja kulipachika hapo mtini nikasema likiishi liishi. Mimi na maua wapi na wapi, mama! Hapa Tanga hewa yenyewe ni maji, nguo ukianika leo unaanua keshokutwa. Limejiotea tu."

Akacheka kile kicheko chake, kisha akaona mama hacheki, naye akaacha.

"Aliyekuwa analihangaikia ua ni Nyemo," aliendelea. "Huyo nilimhurumia. Kila mara ananipigia, dada, la kwako likoje, la kwangu linakauka. Siku moja alilia kwenye simu. Nikamwambia, Dodoma upepo unakausha hata mate mdomoni, wewe limwagilie kila siku, nani atajua? Akasema hapana, mama ameandika kikombe kimoja, nikizidisha nitakuwa nimemdharau. Nikamwambia basi mpigie mama umuulize."

"Alinipigia," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa imekwenda mbali.

"Basi mwisho akabuni la khanga. Analowesha khanga anaitandaza pembeni ya chungu ili walau hewa iwe na unyevu. Anasema karatasi haikukataza khanga. Asubuhi analowesha, mchana analowesha, na maji yenyewe mtaani kwao siku hizi ni ya kungojea mgawo."

Khanga mbichi dirishani. Beseni chini yake. Mwalimu Damari alifumba macho.

"Rozina," aliuliza, na alikuwa ameshalijua jibu, "juzi nilipokuwa kwa Nyemo, ilikuwa siku gani?"

"Juzi? Si Jumamosi, mama."

Jumamosi asubuhi. Kikombe kimoja. Kumbe yale maji hayakumwagwa kwa ajili ya mgeni. Msichana yule alikuwa amelimwagilia ua lililokwisha kufa, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na karatasi ilisema hivyo, na hakuna aliyemruhusu kuacha.

Jamani, kuna aibu ya kuonwa na watu, na kuna aibu ya kujiona mwenyewe. Hii ya pili ndiyo iliyomkamata. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa pale nje ya bafu, na kila neno alilolisema Dodoma likawa linamrudia kwa sauti yake mwenyewe. Nawahurumia wagonjwa wako. Hiyo ni tabia gani? Alikumbuka watoto wa shule aliowachapa kwa kuuliza mara ya pili. Walikuwa wangapi? Miaka thelathini na minne, na hakuna siku aliyowahi kujiuliza kama swali lao lilikuwa la haki. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba maua yale mazuri hayakuwa yamemwonyesha moyo wa mtu yeyote. Yalimwonyesha tu kwamba Tanga kuna unyevu na Dodoma hakuna, jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la nne angemweleza bure. Nyemo mwenyewe alimweleza, siku ileile ya kwanza, amekishika chungu kwa mikono miwili, na yeye akamfanya kichekesho mbele ya ukoo.

"Mama, nikuletee maji?" Rozina aliuliza kwa hofu.

"Niletee begi langu," alisema.

Rozina akadhani amefukuza baraka nyumbani. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia, "Wewe umenisemea kweli, sina neno nawe. Mimi ndiye nina deni la maneno mahali."

Jumatano mchana alishuka kwenye bajaji Dodoma, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyemo alifungua mlango, akashtuka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mwalimu aliweka begi chini. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, mazuri, yamepangika, na yote yakapotea. Kupitia juu ya bega la Nyemo aliiona khanga ndani. Bado ilikuwa dirishani, bado mbichi.

"Nenda kaniitie Mama Chilewa," alisema. "Na yule mwenzake."

"Mama, kuna nini?"

"Niitie, mwanangu. Walikuwepo nilipokuvunjia heshima, na sasa wawepo."

Wakaja, wamejifunga khanga kwa haraka, wanaogopa ugomvi mwingine. Mwalimu Damari alisimama. Kiti alikikataa. Yeye aliyezoea kusimama mbele ya watoto mia nane sasa alikuwa kama mtoto mwenye kosa mbele ya wanawake watatu.

"Mimi ni mwalimu," alianza, "na nimekuja kusema nimefeli. Ua hili Nyemo hakuliua. Nimeliua mimi, kwa karatasi yangu. Aliniuliza siku ya kwanza, nikamcheka. Akaniuliza mara ya pili, nikamkatia simu. Akaniuliza mara ya tatu, nikamtukana. Jumamosi nilimwita mwongo mbele yenu, na hakuna mtu aliyenitii kama yeye." Akapumua. "Nililitoa ua hili ili kumpima yeye. Lakini aliyepimwa ni mimi, na nimeona nilivyo. Naona aibu, Nyemo. Naona aibu sana. Nisamehe, mwanangu."

Mama Chilewa alikuwa ameshika shavu. Nyemo alijaribu kusema "yameisha, mama", ikamshinda, akajifunika uso kwa pembe ya kitenge chake, akalia, na safari hii alilia kwa sauti. Mwalimu akamsogelea, akawa hajui mikono aiweke wapi, maana kubembeleza hakukuwa katika ratiba zake. Mwisho akamfuta machozi kwa kiganja, vibaya, kama anayefuta ubao.

Walikula pamoja siku hiyo. Baada ya chakula Mwalimu akamweleza habari za magoti, na za daktari, na kwamba alikuwa anatafuta pa kuzeekea.

"Kama bado unanitaka," alisema, akitazama sahani.

"Mama, chumba chako kipo tangu mwaka juzi."

Nyemo akainuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari na kalamu. Akakaa chini mkekani mbele ya mama mkwe wake, akafungua ukurasa safi, kalamu tayari.

"Basi naomba unielekeze, mama. Chai yako sukari kiasi gani, dawa saa ngapi, maji ya kuoga ya moto namna gani. Niandike vizuri nisije nikakosea."

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kwa moyo mmoja, na hicho ndicho kilichomchoma Mwalimu kuliko yote. Uso ukamshuka upya. Alimtazama binti yule aliyekaa wima kama mwanafunzi anayeogopa fimbo, akajua ni nani aliyemfundisha kukaa vile.

Akaichukua kalamu mkononi mwa Nyemo. Akalifunga daftari.

"Usiandike chochote, mwanangu," alisema. "Niangalie tu. Na siku ukiniona nimenyauka, usiningojee mpaka Jumamosi."

Funzo: Kabla hujamlaumu mtu kwa kushindwa ulichomwagiza, jiulize kama agizo lako lilimfaa pale alipo, na akikuuliza mara ya pili, msikilize, kwani huenda hakubishii, bali anaona usichokiona wewe uliye mbali.